Anti

Theluji ya Kars imefika kizingiti cha dirisha,
na jiko la makaa linakoroma pembeni kama mtu aliyeshiba.
Darasa la Nne B wamekaa chini, makoti mwilini,
juu ya zulia alilonipa mavyaa kwa shingo upande.

Kadi thelathini na sita, kifudifudi.
Funua mbili. Zikiwa jozi, chukua.
Zisipokuwa, zirudishe, ukumbuke zilikolala.
Na kila sura uitaje kwa Kiingereza, utamke,
usimung'unye kama mwenye pipi mdomoni.

Tuncay kafunua baba, kafunua bibi.
Akamweleza bibi: yeye wa kiume.
Bibi akaota ndevu papo hapo, darasa likavunjika mbavu.
Simlaumu. Kituruki kina yeye mmoja tu,
awe mke, awe mume, awe paka, liwe jiko lenyewe;
Kiingereza kinakusimamisha mlangoni,
wa kike au wa kiume?
kabla hujavua viatu.

Sasa, kadi moja ya anti haikuwapo.
Mwanangu wa mwisho aliitafuna juzi, akaitema nusu.
Nikakata boksi la jibini, nikampa Berivan kalamu.
Akainua macho. "Mwalimu, nimchore yupi?
Shangazi, au mama mdogo?"
"Kwa Kiingereza ni mmoja," nikasema. "Anti."
Kimya. Kisha zogo.
Wa upande wa baba hukufinya shavu hadi likaiva!
Wa upande wa mama hukumegea mnofu wa sahani yake!
"Na Waingereza," akauliza Tuncay, akilionea huruma taifa zima,
"kwenye harusi wanajuaje nani akae wapi?"

Sikuwa na jibu.
Kitabu cha mwalimu, ukurasa wa arobaini, nacho hakina.

Berivan akachora mwanamke mmoja:
kushoto kitambaa cha maua, kulia miwani.
Tukaichanganya kadi na zile nyingine. Bure tu.
Mgongo wake wa kahawia ulinuka jibini,
kila mtu alijua imelala wapi.

Zamu ikamfikia Kadir,
ambaye tangu Septemba
kikohozi chake nimekisikia kuliko sauti yake.
Akafunua mama.
Mkono haukuzunguka, haukusita,
ukaenda moja kwa moja kwenye ile ya kahawia.
"Siyo jozi! Rudisha!"
Hakurudisha. Alizipanga gotini, ukingo kwa ukingo,
akasema Kiingereza chake cha kwanza kilichonyooka:
yeye ni mama yangu.
Na yule yeye alikuwa wa kike, sawasawa.

Sheria niliiandika mimi, kwa chaki, nikaipigia mstari.
Nikasema, "Chukua."

Mchezo ukaenda hadi zulia likabaki na kadi mbili:
mama asiye na mwenzake, anti asiye na mwenzake.
Kengele inakaribia. Hakuna anayegusa.
Ndipo Sıdıka, mhasibu wetu, asiyesamehe hata nusu alama,
akajifuta kamasi kwa mkono wa koti.
"Kama zake ni jozi, hizi nazo ni jozi."
Akazizoa.
Akashinda kwa jozi moja,
na hakuna aliyekata rufaa.