Hesabu ya Ampea

Bitiho alifika Ipuli saa moja asubuhi
na Fuso lisilojiwasha, limesukumwa
na vijana sita wa tumbaku na mbwa mmoja.
"Betri," akasema, kabla ya salamu.
"Hii ya tatu tangu Mfungo Mosi."

Sikumjibu. Nikamtuma mwanangu mita.
Ishirini na moja, ikasema, na bado inashuka.
(Kalunde fundi umeme, husema watu wa Tabora,
ana mdomo mfupi na bili ndefu.)

Nikamwambia: taja. Taja vyote ulivyofunga.

Akaanza kwa haya, kama mtu anayetajishwa wake zake.
Taa nne za spoti juu ya kichwa,
kwa ajili ya punda na mashimo ya Nguruka.
Jokofu la migebuka, toka Kibirizi.
Redio na spika mbili. Na ile ya tatu.
Feni ya utingo.
Matundu kumi na mawili ya kuchaji simu,
kila simu mia tano, Uvinza mpaka Urambo.
"Basi?"
Akakuna shingo.
"Na za rangi. Chini ya bodi. Za bluu."

Nikaandika kwa chaki ubavuni mwa tairi:
kumi na saba, ishirini, sita, tatu, nne, mbili,
na kumi na tatu za gari lenyewe, lisije likasahauliwa.
Sitini na tano.
Alteneta yake ya kiwandani: arobaini,
siku ikiamka na afya.

"Ishirini na tano zinatoka wapi, Bitiho?"
"Kwenye betri."
"Na betri inazitoa wapi?"

Betri si kisima. Betri ni mtungi.
Mnachota, mnachota, mnaulaumu mtungi,
na aliyetumwa mtoni ni mtoto mmoja
mwenye ndoo ya lita tano.
Naijua habari hiyo. Kwetu tuko tisa
na ndoo ni mimi.
Hilo sikumwambia. Nilimwambia ashike spana.

Nilikuwa nayo ya basi lililolala ubavu njia ya Sikonge,
ampea mia, shaba yake bado inang'aa ndani.
Haikukaa. Lugembe akachomelea kishikio,
akachomelea tena, maana mara ya kwanza alipima kwa macho.
Puli ndogo, ili izunguke upesi hata gari likisimama geti.
Mkanda mpya.

Waya wa zamani alitaka tuuache,
una heri, una miaka, umefika Kasulu mara ngapi.
Nikasema mgeni mwenye mzigo hapitishwi dirishani.
Nikavuta mwingine, mnene kama kidole gumba,
fyuzi katikati,
na ndugu yake wa unene uleule kurudi kwenye chesisi.
Watu hununua wa kwenda
wakamsahau wa kurudi.

Magharibi tukawasha.
"Fungulia vyote," nikasema, "hata upuuzi wako wa bluu."
Mkanda ulilia kidogo, ukazoea.
Injini ikainama, nusu sauti,
kama mtu anayetwikwa akiwa bado anaongea.
"Dizeli itapanda. Umeme nao unakula."
Mita: ishirini na saba nukta tisa.
Mtaa mzima ulikuwa giza, umeme umekatika tangu adhuhuri,
na watoto wakaja kusimama kwenye tope la bluu,
wakitazama miguu yao.

Bitiho akainamia mita
kama mzazi kwenye ubao wa matokeo.
Akahesabu kwa vidole.
"Zinabaki thelathini na tano."
"Zinabaki."
"Basi naweza kuongeza kijiko cha umeme, cha chai, na labda televisheni ndo—"

Nikachomoa mita kabla hajamaliza.
Ya zamani ilikuwa mchangani, karibu na mguu wangu,
nyepesi kuliko nilivyodhani.

Simu ikaita. Nyumbani.
Ada ya mtoto wa dada, dawa ya mama, na bati moja limeruka.
Utaweza?

Nikasema ndiyo,
kabla sijahesabu.