Majani Elfu

Jumamosi, saa moja na robo, sijageuza kibao cha mlangoni,
Bwana Anselimi Tarimo ameshafika,
shati limenyooka, kalamu mfukoni.
Miaka thelathini na moja jikoni kwa wageni
imemwachia vidole visivyosikia moto
na sikio linalosikia siagi.

Anavunja kroasanti yangu karibu na sikio hilo.
Anatulia.
"Inaongea," anasema, "lakini kwa lafudhi."

Kwake sheria ni chache:
unga, maziwa, chumvi, hamira, subira.
Kunja, laza, kunja, laza, kunja.
Tabaka ishirini na saba. Si ishirini na nane.
Ndani usitie kitu. Ndani ni hewa,
na hewa haichezewi.

Sheria hazikuandikwa Pasua, mwezi wa pili,
ambako siagi hutoka jasho kabla ya mpishi.
Nasukuma unga saa tisa usiku,
na umeme ukikatika naulaza
kwenye ndoo ya barafu ya muuza sato,
nimeufunga nailoni mbili, naomba Mungu usinuke.

Na hewa naichezea, ndiyo.
Ile keki ya tabaka ambayo Wafaransa,
bila kuona mgomba, waliiita majani elfu,
mimi nimeitia ndizi za mbege zilizovundikwa darini Uru,
nimekaanga ulezi hadi nyumba ikanukia kipaimara,
nikausaga, nikauzamisha kwenye krimu,
na juu, palipostahili sukari nyeupe,
msesewe, chembe tu, uchungu wa kupita,
ili ulimi ujue umefika kwa nani.

Aliitazama kama mtu anayetazama
jeneza lililopakwa rangi ya waridi.
"Epifania. Mwacha mila ni mtumwa."

Mila ya nani, Bwana Anselimi?
Nilikuwa nafuta meza isiyo chafu.
Wewe wa Old Moshi, mimi wa Uru,
tugombee msiba wa ukoo gani?

Alikusanya makombo kwa ncha ya kidole, moja moja.
"Mwaka wa foleni za sukari," akasema,
"siagi haikuja. Wiki tatu.
Nikakunja kwa samli ya Kirua, samli yenye moshi wa jiko la mama.
Yule bwana mkubwa alikula mbili.
Akasema, kama kwetu kabisa."
Akafuta kidole kwenye leso.
"Sijamsamehe hadi leo."

Nilicheka. Nisingecheka.
Maana Jumapili ileile wifi yangu Zubeda, wa Tanga,
alitupikia mtori
akautia tui la nazi.
Tui! Kwenye mtori!
Nikaweka kijiko chini, nikaeleza:
mshare, nyama ya mfupa, maziwa ukipenda, basi.
Nikaeleza tena, sauti ikipanda,
na katikati ya maelezo niliisikia vizuri:
ilikuwa imevaa shati lililonyooka,
ilikuwa na kalamu mfukoni.
Zubeda alizoa mabakuli bila neno.

Usiku, wote wamelala,
nilifungua friji, nikanywa mtori ule wa baridi
nimesimama, kwa kikombe cha chai,
kwenye ile taa ndogo inayojua siri za nyumba.
Ulikuwa mtamu.
Sijamwambia.

Jumamosi iliyofuata nilioka trei moja safi.
Siagi ya kopo kutoka ng'ambo, bei ya kuumiza,
tabaka ishirini na saba, hewa tupu.
Bwana Anselimi akavunja karibu na sikio.
Akasikiliza. Akasikiliza tena.
"Haina lafudhi," akasema,
na uso wake, naapa,
ulikuwa wa mtu aliyekimbilia simu inayolia
akakuta wamekosea namba.