Kutia Chumvi

Shaame katuma sauti kwenye simu, asubuhi tunakunywa chai:
eti huko Kanada, theluji ikigoma kuondoka barabarani,
huimwagia chumvi. Chumvi! Tani kwa tani,
gari zima linapita likinyunyiza
kama mtu anayelisha kuku.

Mama akacheka mpaka kanga ikamvuka begani.
"Mwanangu keshakuwa mtu wa ng'ambo, anatia chumvi."
Bikombo wa jirani, aliyekuja kuazima kibiriti,
kaondoka na hadithi, kibiriti kakisahau.

Mie sikucheka.
Mie chumvi naijua kwa uzito wake.
Kangagani, nyuma ya mikoko, mwezi wa Januari,
bamvua likishajaza vitalu, tukaziba,
jua huyanywa maji taratibu, siku kumi, kumi na mbili,
likatuachia machicha.
Machicha hayo ndiyo madaftari ya Tumu,
ndiyo bati tatu za jikoni, ndiyo deni la Bwana Hilali
anayetulipa kwa polo, si kwa siku,
na polo lake, Mungu amsamehe, halina kitako.

Naingia na beleshi alfajiri.
Nakwangua, narundika, nakwangua.
Magaga ya nyayoni yameshaota midomo,
na kila yakiachama, chumvi huyalisha.
Saa nne weupe unaanza kuchoma macho,
nafunga ushungi mpaka puani.

Shaame naye hufunga skafu mpaka puani.
Nimemwona pichani: kabaki macho tu,
glavu, mabuti, na beleshi pana
kama sinia la pilau la watu wanane.
Tukisimamishwa pamoja, mama asingejua
nani kachomwa na nini.

Ila yeye hukusanya cha kutupa.
Analipwa kwa saa, mlango wa mtu ukionekana,
na kesho akiukuta umefukiwa tena, hushukuru.
Mie changu kikiyeyuka, nimeyeyuka nacho.

Mwaka juzi, kesho yake tupimiwe,
ikaja mvua isiyojua kalenda.
Mapolo arubaini yalirudi baharini kwa miguu yao,
nami nimesimama na turubai lenye matundu
nikilitukana wingu na ukoo wake.
Usiku ule ule Shaame kaandika: "Niombee dua ianguke.
Wiki tatu mbingu kavu, na kodi ya chumba imefika."
Sikumjibu.
Ningemwombea kwa mdomo upi?

Sauti zake nyengine hazina maneno.
Hubonyeza simu akaisahau mfukoni,
nasikia: krrr. Kimya. Krrr. Pumzi.
Naijua ile krrr, bati likikutana na ugumu wa chini.
Hapo hulaza beleshi, akasukuma kwa goti la kushoto.
Nani kamfundisha? Mie, vitaluni humu humu,
ana miaka kumi na tatu, kidonda mguuni,
analia na huku anachota.

Nilimuuliza: hiyo chumvi yenu hutoka wapi?
Kanambia hutoka migodini, ina rangi ya majivu, hailiki.
Basi si yangu.
Sijui kwa nini iliniuma kidogo.

Ijumaa, nikilijaza polo la mwisho,
nikatenga konzi mbili za juu kabisa, nyeupe,
nikazifunga katika kipande cha kanga iliyochakaa.
Kuna mtu wa Wete anasafiri mwezi ujao.

Mama kauliza ya nini, huko si wanaimwaga njiani?
Nikamwambia ya mchuzi.
Akanyamaza, akakipima kifurushi kwa kiganja,
akakifungua fundo.
"Basi tia nyengine," akasema.
"Mchuzi chapwa haumpiti kooni yule."