Mkia wa Mbweha

Miaka ishirini na mitatu iliyopita, Bucheon,
chini ya taa ya meza, kwa penseli ya buluu,
nilichora mkia wa mbweha yule mweupe:
michoro kumi na miwili kila sekunde,
na kati ya wa saba na wa nane
nilimpenyezea pumzi kidogo, asimame, asikilize.
Hakuna aliyeniagiza.

Leo nimempeleka Da-on, mjukuu wangu, sinemani.
Mbweha ana manyoya milioni, nasikia,
kila unyoya umehesabiwa na kompyuta.
Lakini hapepesi macho.
Na mvulana wa upepo, aliyekuwa akicheka kabla ya kuruka,
sasa amenuna kama karani wa kodi;
anaueleza upepo, dakika nzima, kwa maneno,
na nywele zake hazitikisiki.

Da-on alimaliza bisi, akakung'uta kopo.
"Bibi, ndiye huyu uliyemchora?"

Nje, theluji nyembamba. Kituo cha basi,
kioo kimeshika ukungu.
Nikavua glavu,
nikachora kwa kidole: sikio, mgongo, mkia.
Da-on akasogea.
"Anasikiliza nini?"