Chanya Ardhini

Machi. Banda la trekta, kusini mwa Canora.
Baridi imeshika spana, spana zimenishika mimi.
Nimezilaza juu ya gunia: ya nusu inchi,
ya tisa kwa kumi na sita,
na ile iliyopinda ambayo baba hakutaka itupwe.

Trekta limenizidi umri kwa miaka minane.
Zamani lilikuwa jekundu;
sasa lina rangi ya ukaidi.

Volti sita. Betri ya vyumba vitatu.
Asubuhi za Novemba iliitika
kama mtoto anayeamshwa aende shule:
ng'oo… ng'oo… kisha hakuna.
Baba akashuka, akachomeka hendeli, akazungusha.
Mwaka wa sitini na moja hendeli ilimrudi,
ikamvunja kifundo cha mkono.
Alivuna ngano yote kwa mkono wa kushoto
na hakulitukana trekta hata siku moja.
Sisi alitutukana.

Myroslav anapiga simu kutoka Regina:
Dada, liuze kwa kilo.
Namwambia ninabadilisha mfumo wa chaji.
Anacheka. Anauliza bei ya alteneta.
Namtajia nusu.

Dinamo ilitoka kwa shida. Bolti mbili, kutu ya miaka sabini,
nyundo, mafuta, nyundo, neno moja la Kiukraini
ambalo mama angeniosha nalo mdomo.
Nzito kama mtoto aliyelala.
Alteneta ni jepesi, linang'aa, halina historia;
nililitengenezea kishikio kwa chuma cha jembe lililokufa
na puli bado ilikaa upande, unene wa kucha,
mkanda ukalia, nikafungua tena,
nikatia washa mbili, nikafunga tena.
Koili mpya. Balbu mpya za mbele.
Nyaya za amita nikazipishana.
Starta nimeiacha ileile ya sita:
itavumilia kumi na mbili, ila usiikalie kidole.

Halafu nikafika kwenye kifuniko cha betri.
Maandishi ya baba, rangi nyeupe, brashi nene:
CHANYA ARDHINI.

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni neno la kilimo,
kwamba kilicho chema ndicho hupandwa.
Sikujua ni waya tu, waya mweusi
uliotoka kwenye chanya ukafungwa kwenye bodi,
kwa kuwa kiwandani waliamua hivyo.
Tulimzika Januari.
Waliwasha makaa juu ya udongo siku mbili
ndipo ukakubali koleo.

Leo nimegeuza. Hasi ndiyo inashika chuma.
Nilisimama na ncha ya waya mkononi
muda mrefu kuliko kazi ilivyodai.

Danylo, mtoto wa jirani, alishika tochi.
Nikasema sogea. Nikabonyeza.

Halikuitika. Liliruka!
Injini ilizunguka kama iliyodaiwa,
ikashika mara ya kwanza, moshi ukagonga paa,
njiwa wakatoka wote kwa pamoja.
Sindano ya amita ikaegemea upande wa kulia,
upande wa kupokea.
Nikawasha taa, na banda likawa jeupe
hadi nikaona utando wa buibui ambao sikutaka kuuona,
na koti lake la kazi, msumarini, mabega bado yametuna.

Na kwenye dashibodi, nyuma ya kioo cha amita,
balbu moja ndogo kama punje ya dengu.
Nilikuwa nimeisahau.
Ile ya sita. Ile aliyoifunika kwa kiganja usiku
ili isimchome macho, akilima.
Iliwaka kwa nguvu ambayo haikuwahi kuwa nayo,
buluu, nyeupe,
nikaona vumbi la kidole chake kwenye kioo,
kisha tiki.

Danylo akauliza: Imeungua?
Nikasema ndiyo.
Akauliza: Tunazo nyingine?

Injini inanguruma. Mkanda umenyamaza.
Dinamo nimeiweka rafuni, kando ya makopo ya misumari,
na rafu imebonyea kidogo.