Mitaa Minne ya Kisima

Agosti ile tuliamka wakazi wa mji mmoja.
Hakuna aliyehama.
Jogoo wa jirani aliwika palepale,
na mvua, ambayo bondeni kwetu haijawahi kumwomba meya ruhusa,
ilianza Barmen, ikashuka Elberfeld,
ikapanda Ronsdorf kwa wafuma tepe
na Cronenberg kwa wahunzi wa mikasi,
ikamalizia Vohwinkel, kwenye reli, hoi.

Mimi, Ewald Hackenberg, karani wa daraja la tatu,
nilipewa meza ya dirishani, ramani tano
na kalamu nyekundu.
"Majina yanajirudia," alisema Bwana Stöcker,
kama mtu anayetaja panya.
"Posta wanalia. Kila jina libaki mara moja tu."

Nikahesabu.
Mitaa ya Shule, mitano.
Mitaa ya Kanisa, mitano pia,
na makanisa yenyewe hayasalimiani.
Mitaa ya Kaizari mitatu, na Kaizari hatunaye tena.
Mitaa ya Kisima, minne.

Kwa wiki tatu nilikuwa mungu mdogo
mwenye viraka kwenye viwiko vya koti.
Nilifuta Bustani, nikaandika Mwaloni
mahali ambapo hapajaota mwaloni tangu gharika.
Barua zikaja. Hulda Ispert, muuza buti,
ana risiti elfu mbili zimeshachapwa: nani atalipa?
Mwalimu mstaafu alituma kurasa kumi na moja, na ramani yake.
Mmoja hakutia sahihi.
Aliandika tu: Barmen haiolewi.

Lakini ilikwisha kuolewa zamani, na mto ndio mshenga.
Barmen walipaka nyuzi rangi nyekundu,
jioni Elberfeld wakauona wekundu huo
ukipita chini ya madaraja yao bila kuonyesha hati.
Na juu ya maji, treni yetu ya kuning'inia
ilivuka mpaka bila kupunguza mwendo,
abiria wakisinzia huku wakiamkia kule.
Tulikuwa tumeshonwa.
Sheria ilikuja tu kukata ncha ya uzi.

Sasa, visima.
Cha Barmen kilifukiwa chini ya kiwanda cha vifungo.
Cha Elberfeld hakuna anayekikumbuka.
Ronsdorf wana bomba, farasi wanakunywa.
Cha Cronenberg kipo,
kina mfuniko wa mbao, na ndani, mahali fulani,
kiatu cha kushoto cha kaka yangu.
Mbele yake, nyumba namba saba, anaishi mama.

Kanuni ilikuwa fupi: mtaa mrefu hubaki na jina.
Mrefu ulikuwa wa Elberfeld.
Ukutani iligonga saa ya Elberfeld;
ya Barmen ilikuwa bado sandukuni,
maana ofisi mbili zikiungana
saa moja hukosa msumari.
Nikafuta mtaa wa mama.
Nikauita Nyundo.

Jumapili nilimpelekea habari pamoja na keki ya plamu.
Alisikiliza akiwa anatoa kokwa moja mdomoni.
"Na maji?" akauliza. "Nayo yanaitwaje sasa?"
Sikuwa na faili la hilo.

Jina la mji lenyewe lilitusumbua miezi.
Madiwani waligombea lipi litangulie, la juu au la chini,
hadi wakachukua la bonde,
kwa kuwa bonde halikuwa na diwani.
Vibao vipya vilipigwa. Rangi ilinuka wiki nzima.
Wazee waliendelea kusema "naenda mjini"
kila mmoja akimaanisha mji wake.

Mama naye aliendelea kuniandikia,
na nyuma ya bahasha, kila mara: Kisima 7, Cronenberg.
Tarishi alijua. Zote zilifika.
Moja tu, kwa mazoea ya kazi,
niliisahihisha kabla sijaifungua.

Bado ninayo.
Wino wangu mwekundu umefifia, sasa ni kama waridi.
Wake, mweusi, unasomeka.