Risasi Ile Ile

Gazeti la waamsho lilizaliwa saunani kwa Kumpula:
mtambo wa mkono, taa moja, theluji imefika dirishani.
Waumini walichanga siagi, sufu, senti.

Herufi yenye nukta mbili ilikuwa haba.
Neno "aibu", kwa Kifini, hula mbili;
Hilja, mpanga chapa, akalipunguza
katika kila hotuba. Mhubiri akafoka.
Wasomaji wakaongezeka.

Kisha ndugu wakagombania mapazia
(ni pambo, au kinga ya baridi?)
gazeti likapasuka mawili, yakilaaniana kila Ijumaa.

Yote mawili aliyapanga Hilja
kwa risasi ile ile,
asubuhi hili, jioni lile,
akinawa mikono katikati.

Walipomzika, kila upande uliandika: wetu.
Jina lake halikuhitaji nukta mbili.